Doha hadi Houston, Safu ya Watu Kumi

Kitanda cha ndani ya ndege mara nyingi hulipiwa na mtu asiyekilalia. Mimi nimevilalia vitanda hivyo kwa miaka mingi kwa fedha za mwajiri. Kazi yangu ni kukagua hesabu za miradi ya maji na barabara. Wafadhili wako Ulaya na Marekani, na kanuni za ofisi zinasema safari ikiwa ndefu mkaguzi apewe daraja la biashara, ili akishuka aingie mkutanini na kichwa kinachofanya kazi. Naiona kanuni hiyo ni ya haki. Mkaguzi aliyekesha kwenye kiti hupitisha hesabu ambazo angezihoji kama angekuwa amelala.

Julai 2023 nilikuwa na safari ambayo hakuna ofisi ingeigharamia. Binti yangu alikaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza Houston, katika jimbo la Texas, na hakuwa na mtu wa kumkanda kwa maji ya moto wala wa kumkorogea uji wa pilipili manga. Nauli ya daraja la biashara msimu ule wa likizo ilikuwa zaidi ya mara nne ya ile ya kawaida. Tofauti yake ingemlipia kodi ya nyumba kwa miezi. Nikakata tiketi ya kawaida, Dar es Salaam–Doha–Houston, kurudi baada ya arobaini.

Wenzangu ofisini waliposikia, wengi walinipa pole. Nikawauliza wao huendaje wanapoitwa msibani Toronto au kwenye mahafali ya mtoto London. Wote hukaa viti vya kawaida. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila mtu ninayemjua ambaye kazi yake ni ya kusafiri: akienda kwenye warsha ya siku mbili analala amenyooka, akienda kumzika mama yake anakaa wima usiku kucha. Jambo hilo lilinikaa kichwani tangu Dar, na safari yenyewe ikaliongezea uzito.

Kipande cha Dar hadi Doha ni karibu saa sita na sina mengi ya kukisemea. Jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Julius Nyerere, lililoanza kutumika 2019, ni pana na foleni ilikwenda. Ndege ilijaa wafanyabiashara wanaounganisha kwenda Guangzhou na Istanbul, na mabinti wanaokwenda kufanya kazi za ndani Ghuba, bahasha za mikataba mikononi, hawaziachii hata chakula kinapoletwa. Saa sita mtu mwenye afya anazimudu. Nilikula, nikatazama nusu ya filamu, tukashuka.

Usiku wa Doha ndio uliokuwa mrefu. Ndege ya Houston ilikuwa iondoke saa mbili asubuhi. Uwanja wa Hamad nimepita mara nyingi, lakini siku zote nikielekezwa moja kwa moja kwenye ukumbi wa daraja la biashara, kwenye bafu, taulo safi na kochi la kujinyoosha. Safari hii nilikuwa nje ya mlango ule. Uwanja umetenga vyumba vya utulivu vyenye viti vya kuegemea, vya wanawake mbali na vya wanaume, lakini nilivikuta vimejaa. Nikarudi kwenye ukumbi mkubwa wa kati, pale alipoketi yule dubu wa manjano wa msanii Urs Fischer, mwenye urefu wa mita saba, na taa kubwa imemtoka kichwani. Watu walikuwa wamelala sakafuni kumzunguka, viatu chini ya kichwa, mikono imepitishwa kwenye kamba za mabegi.

Hapo nikasikia Kiswahili. Ilikuwa familia: bibi wa umri wa kama miaka sabini, mwanawe, mke wa mwanawe, mtoto wa kama miaka sita, na mtoto mchanga mgongoni. Mwanaume alikuwa amekumbatia mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za bluu IOM, yaani Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Nyaraka zote za mkimbizi anayehamishiwa nchi ya tatu husafiri ndani ya mfuko ule, na huambiwa asiuachie mpaka afike.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mama. Unatoka wapi?”

“Dar es Salaam. Na ninyi?”

“Sisi twatoka Nyarugusu.”

Alilitaja jina lile kama mtu anavyotaja kwao. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilifunguliwa 1996 kupokea waliokimbia vita mashariki ya Kongo, na yule mwanawe alivuka Ziwa Tanganyika akiwa mtoto wa kubebwa. Hakuwa na kumbukumbu ya kwingine. Mwaka ule wa fedha wa Marekani, 2023, Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote miongoni mwa wakimbizi waliopokelewa huko, na wengi wao waliondoka katika kambi za nchi zetu. Familia hii nayo ilikuwa inakwenda Houston, kwa ndege ileile.

Kijana akaniuliza, “Mama, eti ni kweli hiyo ndege inakaa hewani mchana kutwa bila kutua?”

“Kweli. Kama saa kumi na sita.”

Akageuka kumwangalia mkewe. Bibi ndiye aliyeuliza swali lililofuata. Aliinua kidogo pindo la kitenge, akanionyesha vifundo vya miguu vilivyojaa, kamba za kandambili zimezama kwenye nyama. “Na hii miguu?”

Nimekaa na wasafiri wengi wazoefu katika kumbi za viwanja vya ndege, tukizungumzia vyakula, mvinyo na viti. Sikumbuki hata mmoja aliyeuliza la maana kama lile. Mwaka 1940, London ikipigwa mabomu usiku, watu walikesha katika mahandaki wamekaa kwenye viti vya kitambaa vya kukunja, vile vyenye fito ya mbao inayobana nyuma ya mapaja. Daktari wa uchunguzi wa maiti, Keith Simpson, aliandika katika jarida la Lancet mwaka huohuo kuhusu watu waliokufa ghafla baada ya kukaa hivyo: damu ilikuwa imeganda kwenye mishipa ya miguu, bonge likapanda hadi kwenye mapafu. Hiyo ni kabla abiria wa kawaida hawajajua ndege ya masafa marefu ni nini. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wake: hatari ya damu kuganda huongezeka karibu maradufu kwa anayekaa safarini saa nne au zaidi bila kujongea, iwe ni ndege, basi, treni au gari. Kwa mtu mwenye afya bado ni hatari ndogo, kama mmoja katika kila wasafiri 6,000. Na daraja la biashara halikingi kwa jina lake. Mwenzangu mmoja ofisini alipata bonge la damu mguuni baada ya kushuka kutoka kwenye kitanda alichokilalia kama gogo tangu kupaa mpaka kutua. Kinachookoa ni kutembea.

Nikamwambia bibi, “Tutatembea. Kila ukiamka tunatembea mpaka nyuma na kurudi.”

“Ndani ya ndege?”

“Ndani ya ndege.”

Nilikuwa na soksi za kubana, jozi mbili, lakini sikumvisha. Soksi zile hupimwa kwa mguu wa mwenyewe, na mguu uliokwisha kujaa ukiubana vibaya unaudhuru. Badala yake nilimwomba alaze miguu juu ya begi langu mpaka tulipoitwa, na uvimbe ukapungua kidogo.

Ndege ilikuwa Boeing 777, na nilipoingia nikageukia kulia badala ya kushoto. Hapo mtu anayaona mambo ambayo daraja la mbele humfichia. Ndege aina hii ilipoanza kubeba abiria 1995, mashirika mengi yaliweka viti tisa katika kila safu ya daraja la kawaida. Mwili wa ndege haujapanuka tangu hapo, lakini leo mengi yanaweka kumi: vitatu, vinne, vitatu. Upana wa kiti umeshuka kutoka karibu sentimita 47 hadi kama 43, na njia za kupita katikati zimebanwa. Toka mgongo wa kiti kimoja hadi mgongo wa kinachofuata ni kama sentimita 80. Mtu mwenye mabega mapana akikaa katikati, bega lake limo ndani ya nafasi ya jirani; hawezi kuliweka kwingine.

Nilikuwa nimechagua kiti cha njiani katika vile vinne vya katikati. Familia ilipangwa safu ya mbele yetu, bibi peke yake akaangukia kiti kilicho pembeni yangu, cha ndani. Tukabadilishana. Anayehitaji kunyanyuka mara nyingi ndiye anayestahili njia. Upande wangu wa pili alikaa kijana mkimya, mhandisi wa mafuta kutoka Kerala, ambaye alifunga mkanda juu ya blanketi na kulala kabla hatujapaa. Mkanda ukionekana juu ya blanketi, wahudumu hawakuamshi kuukagua pale ndege inapotikisika. Mambo madogo ya aina hiyo wanayajua wanaokaa nyuma kila mwaka, wafanyakazi wa Ghuba hasa, na mimi nimejifunza mengi kwa kuwatazama wao kuliko kwa kusoma magazeti ya usafiri.

Safari ya Doha kwenda Houston wakati wa kiangazi ni mchana mmoja usioisha. Unaondoka saa mbili asubuhi, unakimbia na jua kuelekea magharibi kwa kupitia kaskazini ya dunia, unatua alasiri ya siku ileile, wakati Dar ni usiku wa manane. Baada ya kifungua kinywa wahudumu waliwaomba walio dirishani washushe vipazia, taa zikazimwa, na usiku ukatengenezwa. Saa yangu ya mkononi ilisema saa nne asubuhi. Hapo abiria anapaswa kuamua, na uamuzi ule ndio unaobeba siku tatu nne zinazofuata. Tungefika Houston saa kumi alasiri ya huko, ambako saa ziko nyuma ya zetu kwa nane. Mwili hauzisogezi saa zake kwa haraka. Hubadilika kwa kama saa moja kwa siku. Niliamua kulala nusu ya kwanza na kukesha nusu ya pili, ili niwe na usingizi wa kweli giza la Texas litakapoingia. Kwenye kitanda uamuzi huo ni mwepesi, unabonyeza kitufe tu. Kwenye kiti unahitaji maandalizi.

Nilivua viatu, nikavaa soksi za kubana, nikaweka begi chini ya nyayo ili magoti yapande kidogo na ukingo wa kiti usibane mapaja nyuma. Kanga moja niliikunja na kuiweka kiunoni, pale mgongo unapoingia ndani. Kiti cha ndege kimeacha uwazi pale, na uwazi huo ndio unaoleta maumivu ya saa ya tano. Kanga ya pili nilijifunika usoni. Bibi aliniangalia mpaka nikamaliza, akatoa kitenge chake naye akafanya vilevile, ila yeye alijifunga kichwa na mabega pamoja, akasokota rozari kwenye vidole, na kwa dakika chache tu akawa analala akiwa amekaa wima kabisa, kichwa hakianguki. Miaka ya kungoja mgao wa chakula na kungoja kuitwa kwenye usaili imemfundisha. Mimi nililala vipande vipande, nikiamka kila shingo ilipokosa pa kuegemea. Mwili uliozoea kunyooshwa hudai kunyooshwa. Ulinidai nyuma ya magoti, kisha kwenye mfupa wa kitako, kisha katikati ya mabega, na kila mara nikasimama, nikatembea, nikarudi.

Nilipoamka kwa mara ya pili au ya tatu nilikuta kikombe cha maji cha bibi hakijafunguliwa. Na cha kabla yake pia.

“Bibi, hunywi?”

“Nikinywa nitaenda chooni.”

“Si twende?”

Akasita. “Ule mlango utanifungia.”

Hilo ni jambo ambalo sijaliona katika kijitabu chochote cha shirika la ndege. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu kupita ya jangwani, unyevu wake huwa chini ya asilimia 20, na shinikizo lake hupunguzwa kufikia lile la mahali palipo juu kama mita 2,400, karibu sawa na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Koo linakauka, macho yanawasha, na gesi iliyomo tumboni hutanuka kwa karibu theluthi, ndiyo maana maharage na soda hugeuka mateso huko juu. Bibi alikuwa amekaa saa saba katika hewa hiyo bila tone la maji kwa sababu ya komeo la mlango. Nikaenda naye. Ule mlango hujikunja katikati, unasukumwa pale penye mkunjo, na taa haiwaki mpaka ufunge komeo. Nikamwonyesha: sukuma hapa, ingia, telezesha hiki, taa inawaka, ukimaliza telezesha upande huu. Akaurudia mara mbili mlango ukiwa wazi. Kisha akaingia peke yake, nami nikasimama nje. Alipotoka alikuwa amenawa uso, matone ya maji kwenye kope. Tulipokaa alifungua vikombe vyote viwili na kuvimaliza, akamwambia mjukuu wake aliyekuwa anachungulia kati ya viti, “Njoo nikuoneshe kitu.” Akaenda kumfundisha mlango.

Swala niliisali nyuma. Kwenye ramani ya skrini kuna alama inayoonyesha Makka iko upande gani, na tulikuwa tumeshaipa kisogo, tuko juu ya bahari za kaskazini. Katika daraja la biashara kuna nafasi ya kusimama kando ya kiti. Hapa hakuna, na sharia humruhusu msafiri asali amekaa. Lakini nilimwomba mhudumu, akanionyesha pembe karibu na milango ya nyuma. Nikatandika kanga, nikaunganisha Adhuhuri na Alasiri, rakaa mbili mbili. Ndege ilitikisika katika sijda ya mwisho, nikaisikia sakafu ikinguruma kwenye paji la uso.

Sehemu ile ya nyuma, kati ya vyoo na jiko la wahudumu, ndiyo sebule ya daraja la kawaida. Watu husimama pale kunyoosha viungo, akina mama kubembeleza watoto, na kila mtu humwuliza mwenzake anakwenda wapi. Nilimkuta muuguzi Mfilipino anayerudi kazini Galveston, na mzee wa Kinepali ambaye mwanawe amepata uraia. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anakwenda mkutanini. Yule kijana wa Nyarugusu alikuja na mtoto mchanga begani, akawa anayumba taratibu miguu yote miwili. Nikamwuliza jinsi walivyopata safari, miaka mingapi ya usaili. Akanieleza, na mwishoni akasema jambo ambalo nilikuwa nalijua kwa kulisoma, ila sikuwahi kulisikia kinywani mwa mtu.

“Na hii tiketi, Mama, ni mkopo. Tumesaini.”

Ndivyo ilivyokuwa. Mkimbizi aliyepelekwa Marekani wakati ule alitangulizwa nauli na IOM kwa fedha za serikali ya nchi hiyo, na kabla ya kupanda alisaini hati ya kuahidi kuirudisha. Mkopo haukuwa na riba. Malipo yalianza miezi sita baada ya kufika, kidogo kidogo kila mwezi. Familia ya watu watano ilikuwa na nauli za watu watano.

“Umesaini wewe peke yako?”

“Mimi na mke wangu. Na bibi ana hati ya kwake, alipiga dole.”

Nilisimama pale nimeshika ukingo wa kiti cha mhudumu. Mbele yetu, nyuma ya pazia, kulikuwa na watu wamelala juu ya vitanda vya urefu wa karibu mita mbili, wengi wao, kama mimi siku nyingine, bila hata kujua tiketi ilikuwa bei gani. Na mama wa miaka sabini, aliyepiga dole kukubali deni, alikuwa amelipia sentimita zake 43.

Sina ugomvi na kuwapo kwa vitanda. Ninachokiona ni jinsi pengo lilivyotanuliwa kwa makusudi. Mwaka 1952 mashirika ya ndege yalikubaliana kuanzisha nauli za watalii kuvuka Atlantiki, na 1958 ikaja ile iliyoitwa ekonomi, ili mtu wa mshahara wa kawaida naye apande ndege. Yalikuwa maendeleo makubwa. Daraja la biashara lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakati ule lilikuwa kiti chenye upana wa ziada kidogo na chakula bora zaidi. Kitanda cha kulala sambamba katika daraja hilo kililetwa na British Airways mwaka 2000. Kwa hiyo katika maisha yangu ya kazi tofauti ya mbele na nyuma imetoka kwenye sentimita chache za kiti ikawa tofauti ya kulala na kutolala, na katika miaka hiyohiyo viti vya nyuma vimekuwa vikisogezwa na kubanwa. Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliiagiza mamlaka ya anga ya nchi hiyo iweke vipimo vya chini kabisa vya kiti. Mwaka 2022 mamlaka ikakusanya maoni ya umma, na maelfu ya watu wakaandika. Tulipokuwa angani Julai ile, agizo lilikuwa na umri wa karibu miaka mitano na kipimo hakikuwapo. Sheria ya kupima jinsi watu wanavyotolewa ndegeni kwa dharura ipo, sekunde 90 na nusu ya milango imefungwa. Inauliza kama watu wanaweza kutoka kwenye viti. Mimi nataka iulizwe pia kama mtu wa miaka sabini anaweza kukaa humo saa kumi na sita na kushuka kwa miguu yake.

Saa nne za mwisho ndizo ngumu, na sitazipamba. Vipazia vilipofunguliwa mwanga uliingia kama kibao cha uso, na Kanada ilikuwa chini, maziwa yasiyo na idadi. Chakula cha pili hakikuwa na ladha, kwa sababu hewa kavu na kelele za injini hupunguza uwezo wa ulimi kuhisi chumvi na sukari. Bibi alikiweka pembeni akala mkate na ndizi alizotoka nazo Doha. Mtoto wa miaka sita alilia bila sababu, kisha mchanga akamfuata, kisha wengine wa safu za mbali. Hakuna aliyekemea. Mhandisi wa Kerala aliamka, akampa yule mkubwa kalamu na karatasi ya fumbo la kutafuta maneno. Tulitembea na bibi mara ya mwisho, yeye mbele, mkono mmoja kwenye kila mgongo wa kiti anaoupita, na nilipomtazama vifundo vyake vilikuwa vimejaa, lakini si zaidi ya vilivyokuwa Doha.

Houston, uwanja wa George Bush, joto lilitupokea kwenye daraja la kushukia. Familia ilitolewa pembeni ya foleni ya uhamiaji, mfuko wa IOM ukafunguliwa kwa mara ya kwanza. Nilipotoka nje niliwaona tena, wamesimama na mwanamke wa shirika la mapokezi aliyekuwa na jina lao kwenye karatasi. Bibi alikuwa amesimama wima. Tulipeana namba. Binti yangu alikuwa kwenye gari, tumbo limeshuka, na mjukuu wangu alizaliwa wiki ileile.

Nilirudi Dar kwa kiti kilekile cha kawaida, na kazini nimeendelea kusafiri kwa kitanda. Kwenye kikao cha mapitio ya kanuni za safari niliomba jambo moja: mfanyakazi anayekwenda kumzika mzazi au mtoto nje ya nchi aruhusiwe kutumia pointi zilizokusanywa na safari za ofisi, ambazo hadi hapo zilikuwa zikiisha muda bila mtu kuzigusa. Lilipita bila ubishi mkubwa.

Januari kijana alinitumia picha kwenye WhatsApp. Barua ya kwanza ya mkopo ilikuwa imefika, na ameshapata kazi kwenye ghala, zamu ya usiku. Alitaka nimsaidie kuhakikisha ameisoma sawasawa. Nikampigia, tukaipitia kama ninavyopitia hesabu yoyote: jumla, kiasi cha kila mwezi, tarehe ya mwisho ya kulipa, mahali pa kutuma. Hesabu zilikuwa sahihi. Akaniuliza kama kuna ubaya kulipa zaidi ya kiwango mwezi ambao amefanya zamu za ziada. Nikamwambia hakuna, deni litaisha mapema.

“Basi nitaanza na la bibi,” akasema.